Mama Anayeamka Usiku Kwenda Haja Ndogo

Jambo nitakalolizungumza leo ni lile ambalo akina mama hulisema kwa kunong'ona penye bomba la maji, na akina baba hulisikia nusu yake tu. Nalo ni mama kuamka usiku mara mbili, mara tatu, hata mara tano, kwenda haja ndogo, usiku baada ya usiku, mpaka na mchana wake ukaharibika. Wengi husema kwamba ni jambo dogo, au kwamba ni umri, au kwamba ni aibu ya kunyamaziwa. Mimi nami nilikuwa na mawazo hayo, mpaka mtoto mmoja wa shule aliponifundisha vingine.

Mtoto aliyesinzia darasani

Kabla sijaajiriwa katika ofisi ya wilaya, nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi iliyopakana na nyumba za polisi, katika mji mmoja wa mashariki ya Uganda. Nilikuwa nimetoka chuo cha ualimu si muda mrefu, na kama walimu wengi wageni nilidhani kwamba ukali ndio kazi. Darasa langu lilikuwa la nne. Miongoni mwa wanafunzi wangu palikuwa na msichana wa miaka kumi, binti wa konstebo, mwepesi wa hesabu na mwenye mwandiko mzuri. Katika muhula wa pili msichana huyo alianza kusinzia. Ikifika saa tatu asubuhi kichwa chake kimekwisha kulala juu ya daftari. Nilimwonya. Nikamsimamisha mbele ya wenzake. Siku nyingine nikampa adhabu ya kufagia uwanja wakati wa mapumziko. Hakujitetea hata kwa neno moja, nami nikauchukulia ukimya wake kuwa ni kiburi.

Juma moja hakuonekana shuleni kwa siku mbili. Siku ya tatu alikuja na mama yake, ambaye alikuwa akichechemea, mguu wake mmoja umefungwa kitambaa. Mama yule hakukubali kuketi. Alisema, "Mwalimu, usimwadhibu mtoto. Kosa ni langu. Kila usiku namwamsha anishikie tochi."

Ndipo alipoanza kunieleza, sauti yake ikiwa chini na macho yake yakitazama sakafu. Familia yake ilikaa katika mojawapo ya zile nyumba za bati za mviringo ambazo watu wa kambini huziita "mama ingia pole". Choo kilikuwa mwisho wa kambi, nyuma ya safu nzima ya nyumba, nacho kilitumiwa na jamaa nyingi. Kwa miezi kadhaa alikuwa akiamka mara nne kila usiku. Njia ilikuwa ya giza, na mumewe alikuwa amehamishiwa wilaya nyingine, kwa hiyo mwenzi wake wa safari alikuwa ni binti yake mkubwa. Mara nne mama aliamka, na mara nne mtoto aliamka. Asubuhi mmoja alikwenda sokoni kuuza mboga akiwa na usingizi machoni, na mwingine alikuja kwangu kufagia uwanja.

Usiku mmoja wa mvua alimhurumia mtoto akatoka peke yake. Aliteleza, akajikata mguu juu ya jiwe, na sasa kidonda kilikuwa kinaingia juma la tatu bila kupona.

Lakini jambo lililomliza si kidonda. Mwezi uliotangulia mumewe alikuja likizo bila kutoa taarifa, akafika saa nane usiku, akakuta kitanda kitupu. Mama aliporudi alisema alikuwa msalani. Kabla ya saa mbili kupita akainuka tena, na kabla ya alfajiri mara ya tatu. Mume akasema hajaona mtu wa kwenda msalani namna hiyo, na kwamba anayetoka nje kila mara usiku ana mtu anayemfuata. Likizo nzima ilikwisha kwa ugomvi, naye akarudi kazini bila ya kuaga vizuri. Mama akaona dawa ni kuacha kunywa maji. Akajipimia kikombe kimoja kwa siku, na kiu ikamkausha ulimi, lakini safari za usiku hazikupungua.

Majirani walikuwa na majibu yao. Mmoja alimwambia ni uzee, ingawa alikuwa na miaka thelathini na minane tu. Wa pili alimwambia amerogwa. Wa tatu alidokeza kwamba ni maradhi ya zinaa, na neno hilo ndilo lililomfunga mdomo asiende kwa mganga.

Sikuwa na utaalamu wowote wa uganga, ila nilikuwa na deni kwa mtoto yule. Kesho yake nilifuatana na mama kwenda kituo cha afya. Bibi muuguzi alimwuliza maswali matatu: unaamka mara ngapi, unatoa mkojo mwingi au kidogo kila mara, na una kiu? Kisha akachovya kikaratasi cha kupimia katika mkojo wake, akamtoboa kidole kupata tone la damu. Haikuchukua hata robo saa. Mama yule alikuwa na ugonjwa wa kisukari, na yeye wala mtu mwingine hakujua.

Kwa nini tunalala usiku bila kwenda haja

Yafaa kwanza tufahamu jinsi mwili ulivyopangwa. Figo huchuja damu mchana na usiku, na mkojo hukusanyika kibofuni. Kibofu cha mtu mzima huweza kushika kiasi cha mililita 300 hadi 500, yaani kama chupa ndogo ya soda au zaidi kidogo. Kama kazi ingeendelea usiku kwa mwendo ule ule wa mchana, hakuna ambaye angelala mpaka asubuhi. Kwa hiyo ubongo hutoa homoni ambayo huziamuru figo zipunguze maji usiku, na mkojo ukawa kidogo na mzito. Ndiyo sababu mkojo wa alfajiri huwa na rangi iliyokolea.

Kuamka mara moja si jambo la kutisha, hasa kwa mama mjamzito au mwenye umri mkubwa. Lakini kuamka mara mbili au zaidi, usiku mwingi wa juma, ni jambo la kutafutiwa sababu. Nasema sababu, kwa kuwa kuamka huku si ugonjwa wenyewe. Ni dalili, kama vile moshi ulivyo dalili ya moto, na mioto iko ya namna nyingi.

Yako mambo manne makubwa. La kwanza ni kutengeneza mkojo mwingi mchana na usiku. Hapa ndipo kinapoingia kisukari: sukari ikizidi katika damu, figo huimwaga pamoja na maji, mtu akakojoa sana, akaona kiu sana, akanywa tena. Yule mama wa kambini alidhani anakojoa kwa kuwa anakunywa. Kumbe alikuwa na kiu kwa kuwa anakojoa. Kwa mtu wa namna hii kujinyima maji ni kujidhuru, maana mwili umekwisha kukauka.

La pili ni kutengeneza mkojo mwingi usiku tu. Mama aliyesimama kutwa sokoni au jikoni huweza kuvimba miguu kufikia jioni. Anapolala, maji yale yaliyotuama miguuni hurudi katika damu, na figo huyatoa usiku. Moyo uliodhoofika nao huleta hali hiyo hiyo. Chumvi nyingi katika chakula pia humo. Mwaka 2017 madaktari wa Chuo Kikuu cha Nagasaki, Japani, walitoa habari za wagonjwa 223 waliopunguza chumvi kutoka gramu 10.7 kwa siku hadi gramu 8.0, safari zao za usiku zilipungua kutoka wastani wa 2.3 hadi 1.4. Shirika la Afya Duniani hushauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani kiasi cha kijiko kimoja cha chai, na humo ihesabiwe chumvi yote ya mchuzi, ya samaki mkavu na ya mkate. Wako pia watu wanaokoroma sana na kukatika pumzi usingizini. Hao nao hutoa mkojo mwingi usiku, na mara nyingi huamka wamechoka.

La tatu ni kibofu chenyewe kushindwa kushika. Uambukizo katika njia ya mkojo hukifanya kibofu kiwashe na kutaka kumwagwa kila mara, japo kilichomo ni matone. Wanawake hupatwa zaidi kuliko wanaume kwa sababu ya maumbile: njia ya mkojo ya mwanamke ina urefu wa kama sentimita 4 tu, na ya mwanamume hufika kama sentimita 20, kwa hiyo vijidudu vina safari fupi kwa mwanamke. Katika ujauzito, mfuko wa uzazi hukilalia kibofu, hasa miezi ya mwanzo na ya mwisho. Uvimbe katika mfuko wa uzazi hufanya vivyo hivyo. Mama aliyezaa mara nyingi huweza kulegea misuli ya chini, na pengine mfuko wa uzazi ukashuka. Na baada ya hedhi kukoma, ngozi ya njia ya mkojo huwa nyembamba na nyepesi kuudhika.

La nne ni usingizi wenyewe kuwa mbovu. Mtu mwenye mawazo, maumivu au homa huamka kwa sababu nyingine, na kwa kuwa amekwisha kuamka, huenda haja. Huyu dawa yake si ya kibofu.

Hasara ya mchana

Ninyi wasomaji wetu askari mnajua maana ya lindo. Askari aliyekesha hupewa nafasi ya kulala, na mwenzake humpokea zamu. Lakini mama huyu hushika lindo kila usiku, na hakuna wa kumpokea. Alfajiri inapofika yeye ndiye wa kuwasha jiko, kuchota maji, kumvisha mtoto sare na kuwahi shamba au soko.

Usingizi mzito kabisa, ule unaoujenga mwili upya, aghalabu huja katika saa za mwanzo za usiku. Anayeamshwa na kibofu baada ya saa moja na nusu tu amepokonywa sehemu bora ya usiku wake. Kesho yake husahau chumvi au hutia mara mbili, hukosea chenji, hukasirikia watoto kwa jambo lisilo kitu. Hukataa safari ya basi kwa kuogopa njiani. Huacha kwenda ibada au mkutano wa chama cha akina mama, akaketi karibu na mlango popote aendapo. Taratibu dunia yake huwa ndogo kama njia ya kutoka kitandani hadi msalani.

Tena njia yenyewe ina hatari. Kuna mawe, matope, nyoka, na pengine watu wabaya. Kwa mama mzee kuanguka gizani kunaweza kuvunja mfupa wa nyonga, na mfupa huo ukivunjika wengi hawarudii tena mwendo wao wa zamani.

Hesabu ya siku tatu

Sasa tuje kwenye jambo ambalo kila mama anaweza kulifanya nyumbani kabla ya kwenda kwa daktari. Linahitaji jagi la plastiki lenye alama za mililita, kalamu na karatasi. Jagi hilo liwe la kazi hiyo tu. Kwa siku tatu, mchana na usiku, pima mkojo kila uendapo haja, andika saa na kiasi. Andika pia ulichokunywa na wakati wa kukinywa. Kama hujui kuandika, mtoto wa shule atakuandikia, na haitakuwa aibu kwake wala kwako.

Mkojo wa mwisho kabla ya kulala huhesabiwa katika mchana. Mkojo wa kwanza wa asubuhi huhesabiwa katika usiku, kwa kuwa ulitengenezwa ulipokuwa umelala. Tuchukue mfano. Mama fulani ametoa mililita 900 mchana na mililita 600 usiku. Jumla ni 1,500. Gawanya 600 kwa 1,500, utapata 40 kwa mia. Kwa kijana, sehemu ya usiku huwa kama 20 kwa mia. Kwa mtu mwenye umri mkubwa haipaswi kuzidi thuluthi moja. Basi mama huyu anatengeneza mkojo mwingi usiku, na daktari atazame miguu, moyo, chumvi na vinywaji vya jioni.

Kama jumla ya siku inazidi lita 3, mchana na usiku, fikiri juu ya kisukari. Kama jumla ni ya kawaida lakini kila safari inatoa kidogo sana, mililita 100 au chini yake, fikiri juu ya uambukizo au kibofu kisichotulia. Mimi nasema fikiri, sisemi amua. Anayeamua ni mganga baada ya vipimo. Lakini karatasi ile ya siku tatu itamfanya mganga aone kwa dakika moja jambo ambalo maneno ya kuona haya yasingemwonyesha kwa saa nzima.

Katika kituo cha afya omba mkojo upimwe, na damu ipimwe sukari. Damu iliyotolewa kabla ya kula chochote asubuhi, ikionyesha sukari ya milimoli 7.0 kwa lita au zaidi, hurudiwa kupimwa siku nyingine ili kuthibitisha kisukari. Omba pia kupimwa shinikizo la damu. Ikiwa unakunywa vidonge vya shinikizo vinavyoongeza mkojo, mwulize mganga kama unaweza kuvinywa asubuhi badala ya jioni; lakini usiviache kwa shauri lako mwenyewe.

Mambo ya kufanya nyumbani

Hapana budi kurudia hili: usiache kunywa maji. Badilisha saa za kunywa. Kunywa vya kutosha asubuhi na mchana, kisha punguza kuanzia saa mbili au tatu kabla ya kulala. Chai na kahawa za jioni huamsha kibofu na huamsha kichwa pia. Pombe, iwe bia, malwa au waragi, huongeza mkojo na huharibu usingizi. Matunda yenye maji mengi kama tikiti yaliwe mchana.

Anayevimba miguu alale kidogo alasiri, miguu ikiwa imeinuliwa juu ya mto, ili maji yale yatoke kabla ya usiku. Apunguze chumvi katika chungu, wala asiiweke mezani. Kisha aende akapimwe, kwa kuwa miguu inayovimba kila siku ina habari zake.

Kwa misuli iliyolegea liko zoezi lisilo na gharama, ambalo daktari mmoja wa Marekani, Arnold Kegel, alilieleza kwa maandishi mwaka 1948. Kaza misuli ya chini kana kwamba unazuia mkojo na upepo kwa pamoja. Shikilia kwa hesabu ya tano, legeza kwa hesabu ya tano. Fanya mara kumi, asubuhi, mchana na jioni, bila kuzuia pumzi. Unaweza kulifanya ukimenya ndizi na hakuna atakayejua. Usitazamie faida kesho. Ngoja majuma sita hadi miezi mitatu, na usikose siku.

Tayarisha na usiku wenyewe. Nenda haja kabla ya kulala. Tochi iwe mahali pamoja siku zote, na viatu vyenye nyayo zisizoteleza viwe chini ya kitanda. Choo kikiwa mbali, weka ndani ndoo yenye mfuniko, uimwage na kuiosha asubuhi, na kunawa mikono kwa sabuni. Wako wanaoona ndoo ni aibu. Nawauliza, aibu ni ndoo iliyofunikwa, au ni mama aliyevunjika mguu njiani na mtoto anayesinzia darasani?

Zipo dalili zisizongoja siku tatu za kuandika. Damu katika mkojo, homa pamoja na maumivu ya ubavu, mkojo uliokataa kutoka, kupungua mwili pamoja na kiu kali, kuishiwa pumzi unapolala chali, au maumivu makali kwa mjamzito: mwenye mojawapo aende kituo cha afya siku hiyo hiyo. Na mama ambaye tangu kujifungua kwa taabu mkojo unamvuja mchana na usiku bila kuuzuia, huyo hana shida tunayoizungumza leo; huenda ana fistula, nayo hutibiwa kwa upasuaji humu humu Uganda. Asijifiche nyumbani.

Neno kwa akina baba

Ndugu askari, na wewe konstebo unayesoma ukurasa huu huku ukimngoja mwenzako aje akupokee, nina neno kwako. Mkeo akiinuka usiku mara tatu, usianze kwa kumshuku. Anza kwa kumwuliza, na uulize kwa sauti ya mtu anayetaka kujua. Washa tochi, fuatana naye mpaka mlangoni, mrudi pamoja. Usiku mmoja wa namna hiyo utakuonyesha ukweli bora kuliko likizo nzima ya ugomvi. Asubuhi mpe nauli, au mpeleke mwenyewe katika zahanati ya kambi. Ikiwa imeonekana ni uambukizo ambao watu wa ndoa huambukizana, kubali kutibiwa pamoja naye, maana kumtibu mmoja ni kuteka maji kwa pakacha.

Na wewe mama, usinunue vidonge viwili vitatu dukani kwa kuwa jirani alipona navyo. Dawa ya uambukizo humalizwa kama ilivyoandikwa, na isiyo ya ugonjwa wako haitakusaidia. Wazee walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Yule mama alikuwa ameficha maradhi kwa miezi mingi, na kidonda kisichopona kilikuwa kimekwisha kuanza kumuumbua, maana mguu wa mwenye kisukari ukioza huweza kukatwa.

Mguu wake haukukatwa. Kidonda kilichukua miezi miwili na zaidi kufunga, akisafishwa kila baada ya siku mbili. Alipewa vidonge, akafundishwa namna ya kula, akaambiwa anywe maji kadiri ya kiu yake. Kisukari hakikuondoka, atakaa nacho maisha yake yote, na yako majuma ambayo dawa hukosekana kituoni akalazimika kununua. Lakini safari nne za usiku zikawa mbili, kisha moja. Bibi muuguzi aliandika maelezo mafupi juu ya ugonjwa ule, nasi tukampelekea mume kwa mkono wa askari mwenzake. Alirudi mwisho wa mwezi. Sikuwapo walipozungumza, wala si haki yangu kujua waliyosema. Nilichokiona ni kwamba siku ya Jumamosi alikuwa anachimba na kusawazisha ile njia ya chooni, akiondoa mawe moja moja.

Nami nilikuwa na kazi yangu. Nilikuwa nimemwadhibu mtoto mbele ya darasa, kwa hiyo nilimwomba radhi mbele ya darasa lile lile. Wenzake walishangaa kumwona mwalimu akisema nimekosa. Yeye aliinama akatazama daftari lake, kama mama yake alivyotazama sakafu, kisha akaniuliza kama anaweza kufanya hesabu za kugawanya ambazo wenzake walikuwa wamezifanya wakati yeye amelala. Nikampa zote. Alizimaliza kabla ya kengele.

Tangu siku hiyo, mtoto akisinzia darasani, au mwanamke akisinzia mezani katika ofisi yetu, siulizi tena kwa nini ni mvivu. Nauliza kwanza usiku ulikwendaje. Nawaomba nanyi, wasomaji wangu, leo jioni mwulizane swali hilo nyumbani kwenu. Hadi juma lijalo, kwaherini.